TBC1 kutwa nzima ukiwa Dodoma: saa gani uiache, saa gani uhame

Kwenye nyumba yenye televisheni moja, ugomvi wa rimoti huwa ni wa saa kuliko wa stesheni. Baba anataka habari, mama ana tamthilia yake, vijana wanataka mpira, na bibi aliyekuja kutoka Mpwapwa kwa matibabu anataka chochote kinachosemwa taratibu na bila makelele. Wenye migahawa ya Majengo na Sabasaba nao wana swali hilohilo, ila la kwao lina hela ndani yake: mteja akikuta kinachomchosha anakula haraka na kuondoka, hata soda haagizi.

Msimamo wangu ni huu. TBC1, televisheni ya Shirika la Utangazaji Tanzania, si stesheni ya kuwasha asubuhi ukaisahau mpaka usiku, na wala si ya kurukwa kila unapopita namba yake. Ina saa chache kwa siku ambazo huwezi kupata kitu cha aina ile kwingine, na ina saa nyingi ambazo ukihama hupotezi kitu. Kwa sisi wa Dodoma lipo na la nyongeza: kabla hujatazama saa, tazama kalenda. Bunge likiwa limekaa, ratiba ya TBC1 ni moja. Likishaahirishwa, ni nyingine kabisa. Anayelinganisha TBC1 na stesheni binafsi bila kuuliza kwanza kama Bunge lipo mjini analinganisha vitu visivyolingana.

Bunge likiwepo

Kwa kawaida Bunge hufanya mikutano minne kwa mwaka, na mrefu kupita yote ni ule wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Nyumba za wageni zinajaa, bodaboda wanapata safari za kutosha, na saa 3 asubuhi ukumbi unafunguliwa. Mpambe anatangulia na siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, Spika anafuata, dua inasomwa, hati zinawasilishwa mezani, kisha yanakuja maswali na majibu. Hicho kipindi cha maswali ndicho ninachokiweka juu ya vyote TBC1 inavyorusha asubuhi, na Alhamisi kina utangulizi wake: maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu.

Unaweza kukifuata kwa njia tatu. Ya kwanza ni mubashara, kama kinavyokwenda. Ya pili ni kusubiri usiku, usikie muhtasari kwenye taarifa ya habari. Ya tatu ni kungoja vipande vinavyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, dakika moja moja, kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba mbunge fulani "amewasha moto".

Watu wengi hudhani njia hizi hutofautiana kwa urefu tu. Zinatofautiana kwa kile unachokipata. Chukua swali la barabara, maana hayaishi. Mbunge anasimama, anaomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri anasoma jibu lililoandaliwa, lenye takwimu, majina ya vijiji na yale maneno ya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Hapo bado hakuna jipya. Jibu hilo limeandikwa ofisini. Jipya linakuja kwenye maswali ya nyongeza, ambapo mbunge anauliza: lini hasa? Naibu Waziri sasa hana karatasi, au ana karatasi isiyomtosha. Akisema "mwaka huu wa fedha" amejifunga. Akisema "fedha zikipatikana" hajajifunga hata kidogo. Ukisikiliza mubashara unaipata tofauti hiyo, na unaona hata uso wa muuliza swali anavyokaa chini. Ukisubiri saa 2 usiku, majibu yote mawili yanaweza kukufikia yakiwa kichwa cha habari kimoja: Serikali kujenga barabara. Na ukingoja kipande cha WhatsApp hutaletewa barabara kabisa, utaletewa waliozomeana.

Kwa hiyo kama una jambo lako mahsusi linalosubiri majibu, iwe barabara ya kwenu, maji, mbolea ya ruzuku au malipo ya wastaafu, njia ya mubashara ndiyo ya kuchagua, na ni saa moja na ushee tu. Baada ya hapo unaweza kuzima. Kama unataka kujua tu siku imekwendaje, muhtasari wa usiku unatosha. Vipande vya simu ni burudani, na kama burudani havina neno.

Niseme pia kwamba mubashara hii haikuwepo muda wote. Januari 2016 Serikali ilitangaza kuwa TBC itaacha kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa hoja ya gharama. Kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake tukapewa kipindi cha usiku kilichorekodiwa, Leo Katika Bunge. Hoja zilikuwa nyingi pande zote mbili, ndani na nje ya ukumbi. Nilichokiona mimi kama mtazamaji ni kwamba muhtasari, hata ukiandaliwa kwa nia njema, unachagua kwa niaba yako. Kipindi cha maswali kiliporudi hewani mubashara, wazee wa mtaani kwetu walikuwa wa kwanza kurudi kwenye viti vyao.

Mgahawani sasa. Pita Alhamisi asubuhi kwenye kigahawa chochote kisicho mbali na barabara ya kwenda bungeni, uone. Supu iko mezani, chapati zinatoka, na dada wa kaunta ameshika rimoti.

"Dada, rudisha hapo, Waziri Mkuu hajamaliza."

"Mjomba, wenzio wanataka muziki."

"Wenzangu wanakula. Sisi tunasikiliza."

Rimoti inarudi. Nikiwa mwenye mgahawa, mwezi wa Aprili hadi Juni ningeacha TBC1 mpaka saa 4 na nusu hivi bila kujiuliza, kwa sababu nusu ya wateja wangu ni madereva, makatibu na wageni waliokuja mjini kwa sababu ya shughuli hizohizo. Mwezi wa Julai nisingefanya hivyo.

Siku ya hotuba ya bajeti nayo ina namna yake. Juni 13, 2024 iliposomwa bajeti ya mwaka 2024/25, ile ya shilingi trilioni 49.35, wafanyabiashara walikaa kwenye skrini toka neno la kwanza, wengine wakachoka kabla ya pale palipowahusu. Hotuba hizi zina mpangilio unaojirudia kila mwaka: kwanza hali ya uchumi, kisha utekelezaji wa mwaka unaokwisha, vipaumbele, na sehemu ya mabadiliko ya kodi, ada na tozo inakuja nyuma sana. Mwenye duka la vipuri au saluni hana sababu ya kukaa toka mwanzo. Aache televisheni iongee, aendelee na kazi, ageuke pale atakaposikia sheria za kodi zimeanza kutajwa kwa majina. Sehemu hiyo ni ya kusikilizwa yote, kwa mdomo wa Waziri, kwa sababu kesho yake sokoni utasikia bei zimepanda kwa ajili ya tozo ambayo haikutajwa popote.

Bunge likiwa halipo

Asubuhi ya kawaida inabebwa na Jambo Tanzania. Ukiilinganisha na vipindi vya asubuhi vya stesheni binafsi, tofauti iko kwenye kiti cha mgeni. Kule kwingine utakuta msanii, mchambuzi wa mpira, mtu aliyegombana na mwenzake mtandaoni, na usomaji wa magazeti wenye vichekesho ndani yake. TBC1 mara nyingi humkalisha ofisa: wa bima ya afya, wa vitambulisho, wa mamlaka ya maji, mkurugenzi wa kitu fulani. Mazungumzo yanakwenda polepole, mtangazaji ana adabu kupita kiasi, na dakika kumi za kwanza huwa za kueleza majukumu ya taasisi. Vumilia. Simu za wasikilizaji au maswali ya mwisho ndipo mtu anapoambiwa aende dirisha gani na nyaraka gani. Mwenye shida na ofisi ya umma achague hapa. Anayetaka kuamka kwa kicheko achague kwingine, wala asijione mkosefu.

Mchana sina mengi ya kusema. Marudio, vipindi vya kilimo na afya vyenye umri, makala, vipindi vya watoto. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mgonjwa aliyelala sebuleni, utulivu wa mchana wa TBC1 una faida yake, hauna kelele. Kwa mwingine yeyote nashauri ahamie chaneli dada, Tanzania Safari Channel, iliyozinduliwa Disemba 2018 kwa ajili ya utalii. Picha zake za hifadhi ni nzuri kwa macho, na mara moja moja kamera hugeukia upande wetu huu wa katikati ambao watalii huupita wakikimbilia kaskazini. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na wako watu waliozaliwa Dodoma mjini ambao hawajawahi kufika Kolo. Kuiona kwenye skrini mchana wa jua kali ni hatua.

Kuna na TBC2, yenye mwelekeo wa burudani zaidi. Vijana wataipenda kuliko TBC1, lakini kwa burudani tupu ushindani ni mkali na sioni sababu ya kuisimamia.

Jioni: mpira na tamthilia

Hapa TBC1 inashindwa, tuseme tu. Anayetaka Ligi Kuu, Simba au Yanga au Dodoma Jiji yetu ikicheza Jamhuri, atafute Azam TV. Haki za kuonyesha ligi ziko kwao kwa mkataba wa miaka kumi uliosainiwa Mei 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hakuna kubahatisha wala kusubiri labda watarusha. Ama unalipia kifurushi, ama unakwenda kibanda umiza cha mtaani, kile cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, ama unawasha redio.

Redio isidharauliwe kwenye ulinganisho huu, kwa sababu ni ya shirika hilohilo. TBC Taifa hutangaza mechi za ligi, na watangazaji wake wa mpira wanakupeleka uwanjani kuliko kamera nyingine. Mtu wa Nzuguni asiye na kifurushi, mwenye redio ndogo ya betri, hajakosa mechi. Tena anapata goli kabla ya wenye dishi. Sauti ya redio ya FM inafika karibu papo hapo, wakati picha ya televisheni inapitia mitambo ya kubana, setilaiti na king'amuzi kabla ya kukufikia, hivyo huchelewa kwa sekunde kadhaa. Anayeangalia kwa simu huchelewa zaidi ya wote. Ndiyo maana ukiwa kibandani mechi kubwa, mlinzi wa nje mwenye redio hupiga kelele halafu ndani mpira bado uko katikati ya uwanja. Wenye vibanda wanawachukia hawa.

Mashindano ya mataifa ni habari tofauti. Taifa Stars ikicheza mashindano makubwa, au Kombe la Dunia likifika, TBC imekuwa ikipata baadhi ya mechi na kuzirusha bila malipo. Mwaka 2027 AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa wakati ule itabidi kila mwenye antena ahakikishe mapema kwamba inashika.

Tamthilia nazo zimehamia kwingine. Zamani TBC1 ilikuwa na nguvu hapa: ndiyo iliyotuonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya binti na mama wakwe zake, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Mtindo ule wa kutia sauti za Kiswahili ukaenea. Leo ukitaka tamthilia za Kituruki, za Kihindi au za kwetu wenyewe kila siku saa ileile, vituo vya kulipia vina nyingi na mpya. TBC1 imebaki na vipindi vya familia na sherehe, kama Chereko Chereko ya harusi, ambayo mashangazi hawaikosi kwa sababu wanaangalia nguo na kuhesabu nani amealikwa na nani ameachwa.

Kwa hiyo kati ya saa 11 jioni na saa 2 kasoro, mpe rimoti anayeitaka. Huo ndio muda wa amani wa kuhama.

Saa 2 usiku

Saa 2 kamili karibu stesheni zote zinasoma habari kwa pamoja, hivyo lazima uchague moja. Wengi huchagua kwa mazoea. Mimi ningechagua kwa kuuliza: nataka kujua Serikali imesema nini, au nataka kujua watu wanasemaje kuhusu ilichosema?

Kwa swali la kwanza, TBC1. Mpangilio wake unatabirika: Rais, Makamu, Waziri Mkuu, mawaziri, kisha mikoa. Hotuba inanukuliwa kwa urefu, na ukisikiliza kwa makini utajua agizo limetoka kwa nani na limeelekezwa kwa nani. Kwa mtumishi wa umma, mkandarasi, mwalimu anayesubiri uhamisho, hiyo ni habari ya kazi. Kwa swali la pili, stesheni binafsi zina nafasi zaidi ya mwananchi anayelalamika, mahakama, ajali na siasa za vyama. Anayetaka picha kamili na ana televisheni moja atafanya hivi: dakika kumi na tano za kwanza TBC1, zile za viongozi, halafu ahamie kwingine kukuta habari za mtaani zimeanza. Sehemu ya mwisho ya TBC1 aipitie tena kwa ajili ya hali ya hewa.

Hiyo hali ya hewa naomba isipuuzwe. Sisi wa kanda ya kati, Dodoma na Singida, tuna msimu mmoja tu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na hakuna wa pili wa kufidia. Mkulima wa mtama Bahi au wa alizeti Kongwa akipanda mapema kwa kudanganywa na mvua mbili za mwanzo, mbegu imekwenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza, ikieleza kama zinatarajiwa kuwa za wastani, juu au chini ya wastani, na lini zitaanza. Utabiri huo husomwa na kufafanuliwa TBC1 na TBC Taifa kwa kirefu kuliko kwingine, na mara nyingine na wataalamu wenyewe. Stesheni ya burudani itakupa mistari miwili na picha ya wingu.

Jambo lingine la saa 2 ni mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya skrini. Nyumba yenye ndugu kiziwi haina haja ya ulinganisho mrefu.

Halafu zipo siku ambazo hakuna cha kuchagua. Sherehe za Muungano Aprili 26, Uhuru Disemba 9, kilele cha Mwenge, kuapishwa kwa viongozi. Usiku wa Machi 17, 2021, Makamu wa Rais wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kifo cha Rais Magufuli kupitia TBC, na kwa siku zilizofuata nchi nzima ilikuwa kwenye skrini moja, hadi siku viongozi wa mataifa walipokuja kuaga mwili hapa Uwanja wa Jamhuri. Stesheni nyingine zilijiunga na matangazo hayohayo. Kwa matukio ya namna hii mitambo, magari ya matangazo na ruhusa ya kukaa karibu viko kwa shirika la umma, na wengine huchukua picha kutoka kwake. Chagua chanzo.

Uipate kwa njia gani

Mitambo ya analojia ilizimwa Dodoma Januari 31, 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Tangu hapo hakuna tena chenga. Picha ama ipo safi, ama inaganda na kukatika vipande vya mraba, ama haipo. Njia za kuipata TBC1 leo ni antena yenye king'amuzi, dishi, na simu.

Antena ndiyo chaguo langu la kwanza kwa aliye mjini, yaani Area C, Kisasa, Ipagala, Nkuhungu, Chang'ombe na kote kulikotambarare. Gharama yake ni ya kuanzia tu, na chaneli za kitaifa zisizolipiwa hubaki hata kifurushi kikiisha. Tatizo lake ni vilima. Mawimbi haya hayapindi kona: nyumba iliyojificha nyuma ya kilima, na Dodoma ina vilima vya mawe kila upande, inaweza kukosa wakati jirani wa juu anapata vizuri. Kabla ya kununua, angalia paa za majirani. Ukiona antena nyingi zimeelekea upande mmoja, umepata jibu bila kulipa mtu. Ukiona madishi matupu, nalo ni jibu. Antena ya ndani ya kuweka juu ya kabati, sikushauri; ukuta wa tofali na bati za nyumba zetu hula mawimbi.

Dishi linashika popote, hata Chemba ndani au Mpwapwa bondeni, mradi uelekeo wake hauna mti wala ukuta. Lina maadui wawili hapa kwetu. Mvua kubwa ya Januari, inaposhuka kwa kishindo, hukata picha kwa dakika kadhaa mpaka wingu lipite. Hilo halina dawa. Upepo ndio mbaya zaidi. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa Dodoma husukuma dishi nyuzi kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kupoteza mawimbi. Dishi lililofungwa kwa nondo nyembamba au kwenye ukuta wa tope litakuletea fundi kila mwezi. Lifungwe kwa bomba nene lililozikwa kwenye zege, chini kadiri inavyowezekana. Na kabla ya kulipia kifurushi chochote, muulize muuzaji TBC1 imo kwenye kipi, na inaendelea kuonekana kifurushi kikiisha au inakatika nacho. Majibu hutofautiana kati ya ving'amuzi.

Simu ni ya mtu aliye njiani au kazini. TBC na Bunge lenyewe hurusha matangazo mtandaoni, na mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, anaweza kufuata swali la wizara yake akiwa mezani, au abiria wa treni ya SGR akaangalia mpaka mtandao utakapokatika. Lakini video ya ubora wa kawaida inakula nusu GB hadi GB moja kwa saa. Kikao kizima cha asubuhi kinaweza kumaliza bando la siku. Kama unahitaji maneno tu na si sura, TBC Taifa redioni itakupa habari za saa hiyohiyo bila bando.

Nani achague nini

Mstaafu au mtu wa nyumbani muda mwingi: antena, TBC1 kipindi cha maswali siku za Bunge, habari saa 2, katikati yake afanye apendavyo. Mkulima wa nje ya mji: redio kwanza, dishi akijaliwa, na Oktoba asikose utabiri wa msimu. Familia yenye vijana wa mpira italazimika kulipia kifurushi cha dishi, na TBC1 itakuwa ya dakika kumi na tano za saa 2, msibishane. Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) chumbani hana haja ya kununua televisheni kwa ajili ya hili. Simu na televisheni ya hosteli vinamtosha.

Mwenye mgahawa aweke vyote viwili kama anaweza, antena na dishi, kwenye televisheni moja. Asubuhi za Bunge antena, jioni za mpira dishi. Fundi akimwambia haiwezekani bila kununua televisheni ya pili, amuonyeshe matundu ya HDMI nyuma ya skrini. Mengi ni mawili au matatu, kila king'amuzi kinachukua lake, na kuhama ni kubonyeza kitufe kimoja cha rimoti.